Hivi kazi unayofanya leo uliichagua, au ilikuangukia tu njiani?

#1 Mshika Prizma
Wakuu salama? Kuna kitu kimenikaa kichwani wiki nzima, naomba nikitue hapa.

Mimi ni mpima ardhi, mwaka wa 14 huu. Ukiniuliza kwa nini upimaji, jibu la kweli ni tarakimu moja. Mwaka naomba chuo fomu zilikuwa za karatasi, kila kozi ina namba yake, unaijaza kwenye viboksi. Mi nilitaka famasia, tena nimeitaka tangu mdogo, chupa za dawa zikiisha nyumbani nilikuwa naziosha nazipanga dirishani nazibandikia vikaratasi. Majibu yanatoka, jina langu liko upimaji ardhi. Nikaenda kufunua kitabu cha kozi, famasia inaishia na 3, upimaji unaishia na 8. Nikaenda kulalamika, yule mama wa dirishani hata hakuinua kichwa, akaniambia nafasi zimejaa mwanangu, karipoti, utahama mwakani.

Mwakani sikuhama. Wiki ya tatu walitutoa uwanjani, nikapewa mashine nikaambiwa weka kiputo katikati. Kile kiputo cha hewa pale chini ya mashine, ukigusa skrubu hii kinakimbilia kule, ukigusa ile kinarudi kinapitiliza, ukikanyaga karibu na mguu wa stendi kinahama. Nilikaa nacho kama nusu saa, wenzangu wameshamaliza wameondoka, kiliposimama katikati ya duara nikahisi kitu ambacho siwezi kukieleza vizuri hapa. Basi ndo nikaolewa na mashine mpaka leo.

Mke nimempata saiti. Marafiki zangu karibu wote ni wa kozi ile. Hata mgongo unaoniuma usiku huu ni wa kazi hii. Vyote hivyo vimetokana na 3 iliyosomeka 8. Sasa nauliza, nyie wenzangu mlipanga au mliangukiwa? Na hii kitu mnaiitaje, bahati, kudra, au najipa stori tu mtu mzima?

#2 Nyuma ya Pazia
Naweka kambi hapa. Ila mkuu hapo kwenye "nikaolewa na mashine", shemeji akipita huu uzi utalala saitini na hiyo stendi yako ya miguu mitatu.

#3 Karani Mstaafu
Mwanangu, usijisumbue kutafuta jina, jina lipo. Riziki haivutwi kwa kamba. Iliandikwa utakula kwa kuchungulia lenzi, hata ungeandika ile 3 kwa rangi ya ukuta wangesoma 8.

#4 Hesabu Kali
Mzee #3 shikamoo, ila hapa tutapishana. Mi ni mhasibu, nilisema nitakuwa mhasibu nikiwa na miaka 12 na ndicho nilichokuwa. Watu wengi mnaita bahati kitu mlichoshindwa kukifuatilia. Mleta mada aliambiwa wazi kabisa "utahama mwakani". Mlango ulikuwa wazi mwaka mzima. Hakuhama kwa sababu hakutaka, kwahiyo alichagua. Tarakimu ilimfikisha mlangoni tu, kuingia kaingia mwenyewe.

#5 Mikono Inaongea
Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama na sababu ni kiti. Siku ya kwanza chuoni nilichelewa, ukumbi umejaa, kimebaki kiti kimoja pembeni mbele kabisa ambapo hakuna anayependa kukaa. Jirani yangu nikamsalimia hakujibu, nikasema moyoni huyu dada ana maringo. Kumbe ni kiziwi, na mtu aliyepaswa kumtafsiria siku hiyo hakuja. Akanisogezea daftari ameandika, anasema nini? Nikawa naandika anayosema mwalimu, mkono unauma, mwisho wa kipindi akanifundisha alama yangu ya kwanza, ilikuwa "asante". Kesho yake nikawahi kile kiti kwa makusudi.

Mpaka hapo sikuwa na ndugu kiziwi, sikuwahi hata kuwaza. Ningewahi siku ile dakika kumi tu ningekaa katikati na mashosti zangu na leo sijui ningekuwa nafanya nini. Kwahiyo #4 nakuelewa, kesho yake nilichagua, ila ile siku ya kwanza sikuchagua kitu.

#6 Kurasa za Kati
#5 umenikumbusha Albert Bandura, yule mwanasaikolojia wa Kanada aliyekwenda kufundisha Marekani, amefariki 2021. Saikolojia yenyewe aliingia kwa ajali. Alikuwa anasafiri kwenda chuoni gari moja na wanafunzi wa uinjinia na udaktari ambao vipindi vyao vinaanza alfajiri, yeye akawa anafika mapema hana pa kukaa. Akaona kwenye kitabu cha kozi kuna kipindi cha saikolojia kinaziba lile pengo la asubuhi. Akaingia ili muda uende. Akaja kuwa mmoja wa wanasaikolojia wanaotajwa zaidi duniani.

Mke naye hivyohivyo. Alichelewa kwenda kucheza gofu na rafiki yake, wakasogezwa mbele kwenye ratiba, wakakuta kuna wadada wawili mbele yao wanacheza taratibu, wakaungana nao. Mmoja ndo akawa mkewe.

Mwaka 1982 akaandika makala ndefu juu ya jambo hilihili, kwamba wataalamu wa saikolojia wanajifanya hawaoni jinsi kukutana kwa bahati kunavyogeuza maisha. Alishawahi kusimulia pia kuna mhariri aliingia kwenye mhadhara wake kuhusu mada hiyo, ukumbi unajaa, akadaka kiti karibu na mlango, aliyekaa jirani yake ndo akaja kumuoa. Kwahiyo dada #5 uliza vizuri, viti hivi vina mambo.

#7 Nyuma ya Pazia
Kuanzia leo nachelewa kila mahali.

#8 Mikono Inaongea
@Kurasa za Kati asante, sikuwa namjua huyu mzee. Na yule dada wa kile kiti ndo alikuwa msimamizi wangu harusini, hivyo yumo tu.

#9 Hesabu Kali
Stori tamu, ila tujiulize, watu wangapi walikaa kwenye viti vibaya wakaamka wakaenda zao? Kipindi kile cha alfajiri cha Bandura kilikuwa na wanafunzi wengi tu. Wote walikuwa na "bahati" ileile. Mmoja tu ndo alikuwa Bandura.

#10 Fundi Kebo
Ngoja na mimi. Kaka yangu alikuwa kibarua kwa jamaa wa vyombo vya muziki, siku moja akaamka macho mekundu hayafunguki, akaniambia nenda kaniwakilishie leo tu wasije wakampa mtu mwingine. Leo tu. Nina miaka 19 kwenye hii "leo tu".

Nimefika sijui chochote nikapewa kukusanya waya. Nikaanza kuzungusha kwenye kiwiko kama kamba ya kuanikia nguo. Mzee wa vyombo akaja akaninyang'anya, hakunitukana, akanionyesha. Duara la kwanza unalaza kawaida, la pili unageuza kiganja linaingia kwa chini, la tatu kawaida, la nne chini. Ukimaliza unashika ncha moja unarusha kebo yote inanyooka haina hata fundo. Alirusha mbele yangu ikaenda moja kwa moja kama nyoka aliyestuliwa. Mi nikabaki mdomo wazi. Ile ya kiwiko inasokota nyuzi za ndani, baada ya miezi kebo inaanza kukoroma kwenye spika na wewe unalaumu spika.

Kaka yangu macho yalipona siku ya nne. Aliporudi mzee akasema wewe pumzika tu. Tulinuniana mwaka mzima, sikufichi. Leo yeye ana biashara yake ananizidi kipato mara nyingi tu, ila tukikaa lazima aniambie "kazi yangu uliiba". Kwahiyo bahati yangu ilikuwa ugonjwa wa mtu mwingine, na hapo sijawahi kupajua pa kupaweka.

#11 Karani Mstaafu
Wahenga walisema bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Wewe umelala na mlango umetoa kabisa.

#12 Dondoo za Leo
Mbona mnasahau mfano mkubwa kuliko yote? Alexander Fleming. Kaacha dirisha wazi, ukungu ukaingia kwenye sahani yake, siku hiyohiyo kapata penisilini, dunia nzima ikapona. Mwingine ni Jane Goodall, mwanasayansi kutoka Cambridge aliyetumwa Gombe kuchunguza sokwe. Ingekuwa si lile dirisha tungekufa na vidonda.

#13 Kurasa za Kati
Mkuu #12 vyote viwili umevipinda kidogo, niruhusu.

Fleming alirudi kutoka likizo tarehe 3 Septemba 1928, akakuta sahani moja kati ya zile za bakteria alizoziacha mezani ina ukungu, na kuuzunguka ule ukungu bakteria wamekufa. Hiyo ndiyo bahati. Lakini huyu mtu alishatibu majeruhi wa vita ya kwanza ya dunia akaona dawa za kuua vijidudu zinavyoharibu hata kidonda chenyewe, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 alishagundua laisozaimu, kimeng'enya cha mwilini kinachoua bakteria, akianzia na makamasi yake mwenyewe. Alikuwa anatafuta kitu cha namna hiyo miaka na miaka. Na si siku hiyohiyo, aliandika 1929 ila kuisafisha ikawa ngumu. Waliokuja kuifanya dawa ni kina Howard Florey na Ernst Chain kule Oxford karibu miaka kumi baadaye, tuzo ya Nobel ya 1945 wakagawana watatu.

Goodall ndo kabisa. Hakuwa na digrii hata moja. Alifanya kazi ya kuhudumia wateja mezani akakusanya nauli, 1957 akaja Kenya kumtembelea rafiki yake wa shule, mtu akamwambia kama unapenda wanyama kamuone Louis Leakey, yule mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale. Leakey akampa kazi ya ukatibu. Kufika Gombe ni Julai 1960, na ilibidi aje na mama yake mzazi maana wenye mamlaka hawakukubali binti akae porini peke yake. Cambridge alikwenda baadaye, akafanya udaktari bila kupitia digrii ya kwanza.

Na najua mtu anakuja na ile ya mwanasayansi Pasteur ya mwaka 1854, kwamba bahati humpendelea mwenye akili iliyojiandaa. Tuchukulie umeshaileta.

#14 Dondoo za Leo
Haha nilikuwa naichapa. Nashukuru kwa masahihisho mkuu.

#15 Chaji Asilimia Mbili
Nimesoma wote. Nyie ni wale mlioangukiwa vizuri.

Mimi mwaka fulani niliomba kazi sehemu moja, nikafanya mtihani, nikafanya usaili wa kwanza, wakasema tutawapigia watu wawili kwa usaili wa mwisho. Siku waliyopiga simu yangu ilikuwa imezima, umeme ulikatika usiku sikuchaji. Wamepiga saa tatu asubuhi, saa nne kasoro, hawakupiga tena. Nimewasha saa sita nakuta meseji mbili za taarifa za simu zilizokosa majibu. Nimepiga, aliyepokea akaniambia kaka tumeshamchukua aliyefuata. Aliyefuata! Maana yake nilikuwa mbele yake.

Hakuna "kumbe ilikuwa heri" hapa. Nimefanya vibarua tangu hapo, kingine kinalipa kingine hakilipi. Sijakutana na mke kwenye foleni, sijagundua dawa. Watu wa aina yangu hatuanzishi uzi kwa sababu hatuna mwisho wa kusimulia. Ndo maana mkikusanya hizi stori zinaonekana zote zinaishia pazuri, waliopotea hawapo kwenye daftari.

#16 Mshika Prizma
@Chaji Asilimia Mbili pole sana ndugu yangu. Nimesoma mara mbili. Sina la kukufariji, na nisingependa kukudanganya.

#17 Kurasa za Kati
Hapo #15 kagusa kiini. Hata kwa penisilini ipo hivyo. Mgonjwa wa mwanzo kutibiwa maambukizi kwa dawa hiyo Oxford mwaka 1941 alikuwa askari polisi mwenye maambukizi makali, akachomwa sindano ya penisilini akaanza kupata nafuu ya wazi, mpaka wakawa wanachuja dawa kutoka kwenye mkojo wake wamrudishie. Ikaisha. Akafa. Bahati ya Fleming ilimfikia pungufu.

Na kuna bahati ambazo hata huzioni kama ni bahati. Watafiti walifuatilia wahitimu wa vyuo Kanada, wakaona anayemaliza chuo uchumi umeshuka vibaya anaanza na kipato pungufu kama asilimia 9, inapungua nusu ndani ya miaka mitano, na inachukua karibu miaka kumi kufutika. Mtu hakufanya kosa lolote, ni mwaka aliozaliwa tu.

#18 Hesabu Kali
Kaka #15 pole, na kwa kweli hiyo inauma. Ila bado nasema, umeme kukatika ni bahati mbaya, kutoa namba moja tu bila ya akiba ni mpango mbovu. Sisemi kwa ubaya.

#19 Chaji Asilimia Mbili
Namba ya akiba niliandika. Ya mjomba. Walimpigia, akasikia lugha ya kiofisi akadhani ni wadai wake, akakata.

#20 Nyuma ya Pazia
Samahani nimecheka halafu nikajisikia vibaya halafu nikacheka tena.

#21 Chaji Asilimia Mbili
Cheka tu. Hata mimi nacheka siku hizi. Mjomba ndo hacheki.

#22 Turubai
Kwa wanaobisha kuhusu kipaji dhidi ya bahati, mwaka 2006 kuna majaribio yalichapishwa na Matthew Salganik na wenzake. Walichukua nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, wakaleta watu zaidi ya 14,000 kwenye tovuti wasikilize na kupakua. Ujanja wao, waliwagawa. Kundi moja haoni chochote zaidi ya majina ya nyimbo. Wengine wakawekwa kwenye "dunia" nane tofauti, kila dunia unaona wenzako wa humo wamepakua nini. Nyimbo zilezile, zote zinaanza sifuri. Washindi wakatofautiana dunia kwa dunia. Kuna wimbo ulikuwa namba 1 dunia moja na namba 40 dunia nyingine.

Ila na hili mkalisome, #4 utafurahi, nyimbo zilizopendwa sana na lile kundi lisiloona kitu zilikuwa ngumu kuanguka kabisa, na mbovu zilikuwa ngumu kupanda. Zile za katikati ndo zilikuwa zinarushwa kama mpira. Sisi wengi ni wa katikati.

#23 Hesabu Kali
"Sisi wengi ni wa katikati" sema wewe.

#24 Turubai
Mhasibu bora hujui umezaliwa dunia ya ngapi.

#25 Mshika Prizma
Niwape jambo la kikazi. Ukianza kupima na ukakosea pembe kwa dakika moja, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii, hapo ulipo huoni kitu. Ukifika kilomita moja umehama sentimita 29. Ukikosea digrii nzima, kilomita moja mbele uko mita 17 na nusu pembeni, umeshaingia kwenye kiwanja cha mtu na kesi juu. Kosa halikui, pembe ni ileile, ni wewe unayezidi kwenda. Ndo nilivyokuwa naiona ile 3 yangu.

#26 Bikoni ya Nne
Mwenzangu wa fani, nakusalimu. Ila umewaficha wadau nusu ya pili. Hakuna mpima anayeenda kilomita kumi kwa kichwa kichwa. Tunafunga traversi. Unaanzia kwenye bikoni (ile alama ya upimaji iliyosimikwa ardhini) inayojulikana, unazunguka kituo kwa kituo, unarudi palepale ulipoanzia au unamalizia kwenye bikoni nyingine inayojulikana, ukikuta haijafunga unajua umekosea kiasi gani, unagawa kosa kwenye vituo vyote au unarudia kazi.

Maisha hayafungi. Huna bikoni ya pili ya kulinganishia. Yule wewe mfamasia hayupo popote, kwahiyo hujui umehama kiasi gani na hujui kama umehama. Pengine angekuwa na furaha kuliko wewe. Pengine angekuwa na mgongo uleule unamuuma kwa kusimama kaunta kutwa.

#27 Mikono Inaongea
#26 nimeisoma nikatulia kidogo.

#28 Fundi Kebo
Mimi bikoni yangu ya pili ni kaka yangu. Yeye ndo yule mimi ambaye hakuenda. Na kanizidi.

#29 Siti ya Dirishani
Mnazungumza mambo mazito, mi niwape nyepesi. Charles Darwin, yule wa nadharia ya mageuzi ya viumbe, karibu asipande ile meli ya Beagle iliyomzungusha dunia kwa sababu ya pua. Kapteni FitzRoy alikuwa anaamini sura ya mtu inaonyesha tabia, akaona pua ya kijana haina dalili ya nguvu na msimamo wa kuhimili safari. Darwin mwenyewe aliandika hivyo uzeeni. Safari ikawa karibu miaka mitano, Desemba 1831 mpaka Oktoba 1836, na pua ilirudi salama.

#30 Kurasa za Kati
Na hata kabla ya pua. Hakuwa chaguo la kwanza wala la pili. Nafasi ya mtaalamu wa viumbe melini ilikwenda kwanza kwa mchungaji Leonard Jenyns, akakataa maana ana parokia ya kuhudumia. Profesa Henslow, mwalimu wake Darwin, akawaza kwenda mwenyewe, mkewe akakubali kwa mdomo ila uso ukaanguka, profesa akaghairi hapohapo. Ndo barua ikaenda kwa Darwin ambaye alishakimbia udaktari kwa kushindwa kutazama upasuaji na sasa anaandaliwa uchungaji. Baba yake akakataa. Mjomba akamtetea, baba akalegea.

#31 Chaji Asilimia Mbili
Kwahiyo tofauti yangu na Darwin ni mjomba.

#32 Nyuma ya Pazia
UZI UFUNGWE. Mshindi kapatikana.

#33 Karani Mstaafu
Na mnaona sura ya mke wa profesa ilivyofanya kazi. Mwanamke kanuna kidogo, elimu ya viumbe ya dunia nzima ikageuka. Halafu mtu ananiambia hakuna kudra.

#34 Hesabu Kali
Mzee, ukichukulia hivyo hata kupiga chafya ni kudra.

#35 Karani Mstaafu
Ndiyo. Hata hiyo.

#36 Dondoo za Leo
Kwa upande wa kutafuta kazi nimewahi kusoma ya mwanasosholojia Mark Granovetter, miaka ya 70, aliwahoji watu kitongoji kimoja cha Boston waliopata kazi kupitia mtu. Waliosema huyo mtu wanaonana naye mara kwa mara ni kama asilimia 17 tu, wengine wote ni watu wanaoonana kwa nadra au mara mojamoja. Rafiki wa karibu anajua unachojua wewe, yule wa mbali ndo ana habari mpya. (Nimehakiki safari hii @Kurasa za Kati usinirukie.)

#37 Kurasa za Kati
Safari hii uko sawa, 16.7. Sina neno.

#38 Turubai
Ila #36 hilo linampa nguvu nani? Hesabu Kali atasema basi juana na watu wengi, huo ni mpango. Mzee #3 atasema nani kakukutanisha nao. Fundi Kebo atasema kaka yake.

#39 Maswali Mawili
Habari wadau, nimechelewa. @Mshika Prizma mimi nina swali la kijinga. Una uhakika gani kwamba ulikosea wewe? Umesema tu ulikuta upimaji unaishia na 8. Fomu yenyewe uliiona tena? Anaweza kuwa aliyesoma ndo kasoma vibaya, au aliyeingiza kwenye kompyuta. Na la pili, fomu uliipeleka mwenyewe?

#40 Mshika Prizma
Mkuu umenistua. Kuipeleka aliipeleka dada yangu, mimi nilikuwa mbali siku hiyo. Miaka yote nimechukulia ni mkono wangu maana 3 zangu ni mbaya kweli, hata saiti vijana wangu wananilalamikia. Ngoja nimpigie.

#41 Nyuma ya Pazia
Hatulali leo.

#42 Siti ya Dirishani
Kumbe dada ndo alikuwa hapendi famasia.

#43 Hesabu Kali
Ikiwa dada alibadilisha kusudi basi si bahati tena, ni mpango. Wa mtu mwingine, lakini mpango.

#44 Mikono Inaongea
Mwacheni kwanza azungumze na dada yake jamani.

#45 Mshika Prizma
Nimerudi. Nimezungumza naye kama saa nzima.

Anasema fomu yangu ilimwagikiwa maji njiani, chupa ilifunguka kwenye mkoba, wino ukatanda ukurasa wa pili. Akanunua nyingine akainakili yote kwa mkono wake ukutani pale nje kabla dirisha halijafungwa, na hakuniambia kwa sababu aliogopa nitamgombeza. Nikamuuliza ile namba ya kozi uliisoma 3 au 8? Akasema miaka yote hiyo nitakumbukaje, niliandika nilichokiona, na pale palikuwa pamelowa.

Nikamuuliza ulijua baadaye? Akanyamaza kidogo. Akasema siku majibu yalipotoka alijua kuna kitu, alikuwa anangoja nimuulize. Sikumuuliza.

#46 Bikoni ya Nne
Duh.

#47 Karani Mstaafu
Mpe salamu zangu huyo binti. Mwambie mzee amesema asibebe.

#48 Hesabu Kali
Sawa. Nakubali maji sikuyapanga kwenye hoja yangu. Ila hukuhama, hapo nabaki.

#49 Maswali Mawili
Chupa ilifunguka kwa nini? Haikufungwa vizuri? Nani aliijaza?

#50 Turubai
@Maswali Mawili acha, tutafika kwa Adamu.

#51 Mshika Prizma
@Maswali Mawili chupa nilimjazia mimi usiku ule, ili asisikie kiu njiani. Na ilikuwa chupa ya dawa, ile mikubwa, katika zile zangu za dirishani. Kifuniko chake kilikuwa kimelegea siku nyingi.

Wakuu kesho nina saiti saa kumi na mbili, niwaache. Nitasoma majibu nikirudi.

#52 Nyuma ya Pazia
Hapana, hapana. Rudi hapa. Chupa ya DAWA??

#53 Chaji Asilimia Mbili
Ameshaenda huyo. Mpigie, labda simu ina chaji.